Paul Robeson, Mchezaji wa Mpira na wa Sinema

1. Michezo ya namna mbili

Katika Kiswahili neno "mchezo" lina kazi nyingi. Vijana wanaoukimbilia mpira uwanjani wamo mchezoni. Na watu wanaojifanya wafalme, wezi au mahakimu mbele ya watazamaji, hao nao wamo mchezoni. Kwa hiyo mtu aweza kudhani ya kuwa aliye hodari katika mchezo wa kwanza atakuwa hodari katika wa pili pasipo taabu.

Lakini michezo hiyo haifanani. Mchezaji wa mpira akifunga bao, watu wote wameliona, wala hapana awezaye kuliondoa machoni pao. Mchezaji wa sinema akifanya jambo jema mbele ya kamera, huenda jambo hilo lisionekane kabisa; maana nyuma yake yuko mtu mwingine, mwenye mkasi mkononi.

Habari hii ni ya mtu mmoja aliyeijua michezo yote miwili, akasifiwa katika yote miwili, na katika ule wa pili akakosea kosa ambalo hakulisahau. Jina lake ni Paul Robeson, mtu mweusi wa Marekani.

2. Mwana wa mtumwa

Paul alizaliwa tarehe 9 Aprili, 1898, katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa utumwani katika jimbo la North Carolina. Alipokuwa kijana wa miaka kama 15 alitoroka, akaenda kaskazini, akasoma kwa bidii hata akamaliza chuo, akawa mchungaji wa kanisa. Mama yake, Maria Louisa, alikuwa mwalimu.

Mwezi wa Januari, 1904, kaa la moto lilianguka kutoka jikoni likashika nguo ya mama huyo, akaungua, akafa. Paul alikuwa hajatimiza miaka sita. Naye baba yake alikuwa amekwisha kuondolewa katika kanisa la Princeton; akawa hana mshahara wala nyumba ya kanisa. Basi mchungaji huyo akanunua farasi na gari, akawa mchukuzi wa majivu ya majumbani na wa abiria. Hakuona haya kwa kazi hiyo, wala watoto wake hawakumsikia akinung'unika. Miaka ilipopita alipata kanisa jingine, na mwaka 1910 wakahamia mji wa Somerville.

Huko baba alimlea Paul kwa kitabu na kwa sauti. Jioni Paul alikuwa akisimama mbele yake na kusema kwa moyo hotuba alizojifunza, naye mzee akamsahihisha neno kwa neno. Hakuridhika na kazi nzuri ikiwa kazi bora yawezekana. Hivyo kijana huyo alijifunza kuitawala sauti yake kabla ya kuijua nguvu ya mikono yake.

3. Uwanja wa Rutgers

Mwaka 1915 Paul alishinda mtihani wa jimbo, akalipiwa ada ya kuingia katika chuo cha Rutgers. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1766, na Paul alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu tangu siku hiyo. Alipoingia hakumkuta mwingine wa rangi yake.

Mpira wa Kimarekani si ule wa kupigwa kwa miguu tu. Una umbo kama la yai. Wachezaji 11 wa kila upande huuchukua mikononi na kukimbia nao, na wenzao wa upande wa pili huwakamata na kuwaangusha. Ni mchezo wa vishindo, na kijana mwenye urefu wa futi 6 na inchi 3, kama Paul, hufaa sana. Akaenda kujaribiwa.

Lakini wale vijana wa timu hawakutaka kucheza pamoja na mtu mweusi. Siku ya kwanza walimwangukia wote kwa pamoja, wakamvunja pua, wakamtegua bega. Akalala kitandani siku kumi. Katika siku hizo aliwaza kuacha. Kaka yake mmoja akaja kumtazama, akamwambia ya kuwa akitaka kuacha na aache, lakini baba yao hatapenda kusikia kwamba katika nyumba yao amezaliwa mtu wa kukata tamaa. Tena baba mwenyewe alikuwa amekwisha kumfundisha neno hili: uwanjani hayuko kwa ajili yake peke yake, bali kwa ajili ya vijana wote weusi watakao kucheza baada yake, na kwa sababu hiyo hana ruhusa ya kulipiza kisasi wala ya kukimbia.

Basi akarudi. Mchezaji mmoja akamkanyaga mkono kwa kiatu chenye vyuma, akamng'oa kucha. Hapo hasira ikampanda Paul. Mchezo ulipoanza tena alivunja safu yao, akamkamata yule aliyeshika mpira, akamwinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, ili ampige chini. Mwalimu wa mchezo, Foster Sanford, akapaza sauti upesi kwamba Robeson amekwisha kuwa mtu wa timu. Paul akamweka chini yule kijana. Baadaye alisema wazi ya kuwa saa ile alitaka kuua. Neno la mwalimu lilimwokoa mmoja na mauti, na mwingine na hatia.

Tangu siku ile walicheza pamoja. Walakini mwaka 1916 timu ya chuo kimoja cha kusini ilipokuja, ilikataa kuingia uwanjani ikiwa Robeson atacheza, naye akaketishwa kando, akawatazama wenzake wakicheza. Hakulisahau jambo hilo. Mwaka uliofuata timu ya Rutgers ilipambana na timu ya mabaharia wa Newport, ambayo ndani yake walikuwamo wachezaji mashuhuri wa vyuo vikubwa, ikawashinda 14 kwa 0. Mwaka 1917 na tena mwaka 1918 Robeson akahesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Alicheza pia besiboli na mpira wa kikapu, na kushindana katika michezo ya riadha.

Wala hakuacha kitabu. Kila mwaka alishinda katika mashindano ya hotuba. Baba yake alifariki mwezi wa Mei, 1918, asiione siku ya mwisho. Na mwaka 1919 Paul, mwana wa mtumwa, ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba ya kuaga kwa niaba ya wanafunzi waliomaliza.

4. Mlango uliofungwa na mlango uliofunguliwa

Paul alikusudia kuwa wakili. Akaenda New York, akaingia chuo cha sheria cha Columbia. Ili apate fedha alicheza mpira wa kulipwa katika timu za Akron na Milwaukee, miaka ya 1921 na 1922. Katika muda huo akamwoa Eslanda Goode, mwanamke msomi aliyefanya kazi ya kemia hospitalini. Mwaka 1923 akapata shahada yake ya sheria.

Akaajiriwa katika ofisi moja ya mawakili. Siku moja alimwita karani Mzungu aandike maneno ya barua. Karani akakataa, akasema hataandika maneno yatokayo kinywani mwa mtu mweusi. Robeson akachukua kofia yake, akatoka, asirudi tena. Uwanjani alirudi baada ya kuvunjwa pua. Katika ofisi hii hakurudi. Mtu aweza kuuliza kwa nini. Labda ni kwa sababu uwanjani lilikuwako jambo aliloweza kulifanya mwenyewe, likaonekana na watu wote. Bali katika ofisi ile ujuzi wake ungekaa kimya daima nyuma ya mlango.

Mlango mwingine ulikuwa umekwisha kufunguliwa kidogo. Mwaka 1920, katika mtaa wa Harlem, alikuwa amecheza katika mchezo wa jukwaani habari za Simoni Mkirene, yule aliyeuchukua Msalaba wa Bwana. Alicheza kwa kupenda, si kwa kazi. Sasa, kwa kuhimizwa na Eslanda, akaishika kazi hiyo. Mwaka 1924 alicheza michezo miwili ya Eugene O'Neill mjini New York, na watu wakashangaa. Mwaka 1925 akaanza kuimba mbele ya watu nyimbo za kiroho ambazo watumwa walizitunga mashambani, akipigiwa kinanda na Lawrence Brown. Mwaka 1930 akacheza Othello wa Shakespeare mjini London.

Kwa nini mchezaji wa mpira aliweza kazi hiyo? Alikuwa na pumzi, alikuwa na subira ya mazoezi, na mwili wake ulimtii. Lakini hayo yasingalitosha. Jukwaani mtu mwenye nguvu hana budi kuzizuia. Akisimama kimya vizuri huonekana mkubwa kuliko akikimbia. Na sauti ile iliyosahihishwa neno kwa neno na mzee wa Somerville ndiyo iliyojaza majumba ya London.

5. Mkasi wa sinema

Kabla ya kuendelea, yafaa kueleza jinsi sinema za wakati ule zilivyofanywa.

Picha ya sinema huonekana kama inakwenda, lakini kwa kweli ni picha nyingi zisizokwenda, zilizofuatana juu ya ukanda mrefu. Katika sinema yenye sauti picha 24 hupita mbele ya taa kwa kila sekunde, na jicho huziunganisha. Basi sinema ya saa moja na nusu ina picha 129,600.

Picha hizo hazipigwi kwa utaratibu wa hadithi. Huenda mwisho wa hadithi ukapigwa siku ya kwanza, na mwanzo wake ukapigwa mwezi wa pili. Mchezaji husema maneno yake kidogo kidogo, leo haya, kesho yale. Kazi hiyo ikiisha, kanda zote huchukuliwa chumbani, na huko mkataji huchagua, hukata na kuunga. Aweza kuuondoa uso unaocheka na kuutia uso unaolia. Aweza kuchukua ngoma ya furaha na kuiweka karibu na picha ya vita, mtazamaji akadhani ya kuwa ni ngoma ya vita. Mchezaji hayumo chumbani humo, naye hujua alichokifanya pale tu aketipo gizani pamoja na watu wengine kuitazama sinema.

Sinema ya kwanza ya Robeson ilimwonya kuhusu mkasi, lakini hakuelewa bado. Iliitwa Body and Soul, ya mwaka 1925, nayo haikuwa na sauti. Aliyeitunga na kuiongoza alikuwa Oscar Micheaux, mtu mweusi aliyeandika hadithi zake mwenyewe, akatafuta fedha mwenyewe, akazipeleka sinema zake mwenyewe mji kwa mji. Robeson alicheza watu wawili ndani yake, mhubiri mwovu na ndugu yake mwema. Wakaguzi wa sinema wa New York waliikataa mpaka ikatwe, naye Micheaux akalazimika kuikata. Kwa hiyo hata mwenye mkasi alikuwa na bwana wake.

6. Bosambo

Robeson alipokaa Uingereza alianza kuwaza sana habari za Afrika, nchi ya mababu zake. Mwaka 1934 aliingia chuo cha lugha za Mashariki mjini London, akajifunza elimu ya matamshi, na pamoja nayo Kiswahili. Alitaka kuwaonyesha watu wa Ulaya na Marekani kwamba Waafrika wana lugha zenye utaratibu, na nyimbo zenye maana, na desturi za heshima.

Katika siku hizo akaitwa na Alexander Korda, mtayarishaji wa sinema, acheze katika Sanders of the River. Hadithi yake ni ya mtawala Mwingereza katika nchi ya Nijeria, naye Robeson alikuwa Bosambo, mkuu wa watu weusi aliye rafiki wa mtawala huyo. Ndugu wa Korda, Zoltan, aliyeiongoza sinema, alikuwa amekwenda Afrika na kamera, akarudi na picha za ngoma na nyimbo za kweli. Robeson alipozisikia nyimbo hizo alifurahi mno. Akadhani ya kuwa siku yake imefika: Afrika itaonekana jinsi ilivyo, naye atakuwa mkuu wa Kiafrika mwenye heshima yake. Akatia sahihi.

Kijiji cha Bosambo kilijengwa Uingereza, na Waafrika waliokaa London wakaitwa kucheza watu wa kijiji na wakuu wao. Mmoja wao alikuwa Mkenya, jina lake Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa akikaa London. Ndiye Jomo Kenyatta aliyekuwa waziri mkuu wa Kenya mwaka 1963 na rais wake wa kwanza mwaka 1964. Hivyo mtu atakayeongoza nchi alivaa mavazi ya mkuu wa kijiji cha mbao, kwa sinema ya watu wengine.

Sinema ikaonyeshwa mwaka 1935. Mwanzoni mwake yaliandikwa maneno ya kuwasifu Wazungu wachache wanaotawala. Watu weusi ndani yake walionekana kama watoto: mtawala akiwapo wametulia, akiondoka wanauana. Nyimbo zilikuwamo, na ngoma zilikuwamo, na sauti ya Robeson ilikuwamo, nzuri kama siku zote. Lakini vyote vilikuwa vimewekwa katika utumishi wa neno jingine. Bosambo hakuwa mkuu mwenye heshima, bali mtumishi wa kupendeza.

Watu wengi walilipa fedha kuitazama. Watu weusi wengi wakahuzunika, na Marcus Garvey akamlaumu Robeson kwa maandishi. Robeson alieleza baadaye kwamba maana ya sinema iligeuzwa wakati wa kukatwa, baada ya kazi ya wachezaji kwisha. Hilo lilikuwa kweli. Lakini hakujificha nyuma yake. Aliitaja sinema hiyo mwenyewe kuwa ni kosa lake, akasema ya kuwa waliomlaumu walikuwa na haki. Maana uso ulikuwa wake, na sauti ilikuwa yake, na sahihi katika mkataba ilikuwa yake.

Hapa ndipo palipo jambo gumu la habari hii. Uwanjani, mtu akiumizwa, aliyemwumiza hujulikana, naye aweza kusimama tena katika mchezo ule ule. Katika sinema hii Robeson hakuumizwa yeye. Walioumizwa ni wale ambao baba yake alimwambia kuwa anasimama kwa ajili yao. Nao waliumizwa kwa kutumia nguvu zake mwenyewe.

7. Neno moja katika mkataba

Wahenga husema, kupotea njia ndiko kujua njia. Robeson hakuacha sinema siku ile, wala hakuendelea kama kwamba hapana kitu. Alipotakiwa kucheza katika Song of Freedom, ya mwaka 1936, alidai jambo ambalo wachezaji wachache walithubutu kulidai: iandikwe katika mkataba kwamba sinema ikiisha kukatwa haitatolewa mpaka yeye aikubali. Yaani hakuomba fedha zaidi; aliomba sehemu ya mkasi. Akapewa.

Katika sinema hiyo alikuwa John Zinga, mchukuzi wa mizigo katika bandari ya London, mwenye mke ampendaye na jirani wanaomheshimu. Sauti yake husikiwa na mkubwa wa muziki, naye huwa mwimbaji mashuhuri. Kisha hugundua ya kuwa ni wa ukoo wa wafalme wa kisiwa cha Casanga. Si sinema kamili. Kisiwa hicho hakipo duniani, na desturi za watu wake zilibuniwa. Lakini mtu mweusi ndani yake ni mtu mzima, ana nyumba, ana akili, ana shabaha. Katika siku zile hilo halikuwa jambo dogo.

Alicheza nyingine tena, zingine nzuri na zingine si nzuri, maana mikataba haikuwa sawa. Aliyoipenda kuliko zote ni The Proud Valley, ya mwaka 1940. Hadithi yake ni ya baharia mweusi anayefika katika mabonde ya Wales, nchi ya wachimba makaa ya mawe, anapokewa kwa ajili ya sauti yake, kisha anafanya kazi pamoja nao chini ya ardhi, na mwisho anautoa uhai wake ili wenzake wapone. Mwaka 1942 ikatolewa Native Land, sinema ya habari za haki za wafanyakazi wa Marekani, iliyoongozwa na Leo Hurwitz na Paul Strand. Sauti inayosimulia habari hizo toka mwanzo hata mwisho ni ya Robeson.

Mwaka huo huo Hollywood walimchezesha katika Tales of Manhattan. Alitumaini kubadili maneno yaliyowaonyesha wakulima weusi kama watu wajinga, lakini hakuweza. Sinema ilipotoka, Robeson mwenyewe aliikana hadharani, akasema hatacheza tena Hollywood. Akalitimiza neno lake. Hakucheza tena katika sinema ya hadithi. Alikuwa na umri wa miaka 44, naye aliacha fedha nyingi.

Mwaka uliofuata, tarehe 19 Oktoba, 1943, alisimama tena kama Othello, safari hii mjini New York. Mchezo huo ulichezwa mara 296. Jukwaani hapana mkasi: neno analolisema mchezaji humfikia mtazamaji saa ile ile.

8. Sauti katika waya

Maisha yake ya baadaye yalikuwa na taabu. Alisema kwa nguvu juu ya watu weusi waliouawa pasipo hukumu, na juu ya uhuru wa Afrika na Asia. Aliisifu pia Urusi ya Kisovieti, wala hakusema hadharani juu ya maovu ya Stalin, hata rafiki zake wengine walisikitika. Na habari ya mtu mkubwa haina budi kuandikwa pamoja na hilo. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti, asiweze kwenda ng'ambo, na majumba mengi ya nchini yakafungwa mbele yake.

Wachimba makaa wa Wales, ambao alicheza kama mmoja wao katika The Proud Valley, hawakumsahau. Mwezi wa Oktoba, 1957, walikusanyika katika mji wa Porthcawl kwa sikukuu yao ya nyimbo. Robeson aliketi New York, akaimba katika simu, na sauti yake ikapita katika waya chini ya bahari ya Atlantiki, ikatoka katika ukumbi ule mbele ya maelfu ya watu. Kisha wao nao wakaimba, naye akawasikiliza. Uso wake hawakuuona. Lakini walilolisikia halikupita mkononi mwa mkataji yeyote.

Mwaka 1958 akarudishiwa pasipoti yake. Alikufa Philadelphia tarehe 23 Januari, 1976, akiwa na umri wa miaka 77. Mwaka 1995 jina lake likaandikwa katika jumba la heshima la wachezaji wa mpira wa vyuo vya Marekani, miaka 76 baada ya kuondoka Rutgers.

Wanafunzi wengi husifiwa kwa nguvu, au kwa sauti, au kwa mwandiko. Mtu mwenye kipawa hatakosa watu wa kumwita akitumie kwa kazi yao, nao watamlipa. Paul Robeson alilipwa vizuri kwa Bosambo. Tangu siku ile, kabla ya kutia sahihi, aliuliza ni nani atakayeshika mkasi.

MASWALI

1. Eleza tofauti moja iliyo kati ya mchezo wa mpira na mchezo wa sinema.
2. Baba yake Robeson alifanya kazi gani baada ya kuondolewa kanisani? Kazi hiyo inatuonyesha nini juu ya tabia yake?
3. Kwa nini Robeson alirudi uwanjani, lakini hakurudi katika ofisi ya mawakili? Wewe wafikiri alifanya vema?
4. Sinema yenye sauti ikionyeshwa kwa saa moja, ni picha ngapi zitakazopita mbele ya taa?
5. Robeson alisema maana ya Sanders of the River iligeuzwa wakati wa kukatwa. Kwa nini basi alihesabu kosa kuwa lake?
6. Eleza kwa maneno yako maana ya methali "Kupotea njia ndiko kujua njia," ukitumia habari za mkataba wa mwaka 1936.